"Ndiyo, Mwalimu": Funzo Nililopata kwa Kutengeneza Kidhibiti Mwendo

Katika karakana ya chuo chetu, kwenye kona iliyo karibu na dirisha, ipo mashine ndogo ya kukatia mbao iendeshwayo kwa kompyuta. Wanachuo wameipa jina la "Ndiyo, Mwalimu", kwa sababu kila iambiwalo hulikubali. Nilitumia miezi saba kuitengeneza, hasa ile sehemu yake iongozayo mwendo, na katika miezi hiyo nilijifunza jambo la ufundishaji ambalo sikulipata katika masomo yangu ya stashahada wala katika miaka yangu ya ukufunzi. Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi kifaa hicho kifanyavyo kazi, kosa nililolifanya katika kukitengeneza, na jinsi kosa hilo lilivyonifunulia kosa jingine, kubwa zaidi, nililomtendea mwanachuo wangu. Nawaandikia ninyi mnaojiandaa kufundisha shule za msingi, maana muda si mrefu mtasimama mbele ya watoto ambao nao, mkiwauliza kama wameelewa, watawajibu kwa sauti moja: ndiyo, mwalimu.

Haja ya mashine yenyewe ilitokana na somo la Hisabati. Shule tunayoitumia kwa mazoezi ilihitaji visahani vya mbao vya kufundishia sehemu: kimoja kizima, kingine kilichokatwa nusu mbili, kingine theluthi tatu, kingine robo nne, na kadhalika. Tulijaribu kuvikata kwa msumeno wa mkono. Nusu zilitoka vyema, lakini theluthi hazikulingana hata mara moja. Sasa, mtoto akipewa vipande vitatu visivyolingana akaambiwa kwamba kila kimoja ni theluthi, huwa amefundishwa uongo, tena kwa vitendo, na uongo wa namna hiyo ni mgumu kuung'oa. Ndipo nilipoamua kutengeneza mashine ambayo ingekata kila kipande sawa na mwenziwe.

Mashine za jinsi hii zina historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Nchini Marekani, katika mji wa Traverse City, jimbo la Michigan, John Parsons alikuwa akitafuta namna ya kupata umbo sahihi la mapanga ya helikopta kwa kutumia hesabu badala ya jicho la fundi. Mwaka 1949 alipata mkataba wa Jeshi la Anga la nchi hiyo, na kazi ikafika Massachusetts Institute of Technology, ambako mwaka 1952 ilionyeshwa mashine ya kukatia chuma iliyopokea maagizo yake kutoka katika mkanda wa karatasi uliotobolewa matundu. Kwa miaka mingi mashine hizo zilikuwa mali ya viwanda vikubwa tu. Mlango wa watu wa kawaida ulifunguka kompyuta ndogo za bei nafuu zilipotokea. Mwaka 2005, katika mji wa Ivrea nchini Italia, ilianza bodi ya Arduino, iliyokusudiwa wanafunzi. Na mwaka 2009 Simen Svale Skogsrud wa Norway alitoa bure programu iitwayo Grbl, ambayo huiwezesha bodi hiyo kuongoza mashine ya kukatia. Chipu iliyomo katika bodi ya Arduino Uno ina kumbukumbu ya kufanyia kazi ya baiti 2,048 tu. Ukurasa mmoja wa maandishi ungetosha kuijaza yote.

Ningeweza kuichukua programu hiyo nikaitumia kama ilivyo, na watu wengi hufanya hivyo bila ya lawama. Lakini mwalimu anayetumia kitu asichokielewa hawezi kukifundisha. Kwa hiyo niliamua kuandika programu yangu mwenyewe, duni kuliko ile, ili nijue kila amri inakwenda wapi.

Kazi ya kidhibiti mwendo

Mota zinazotumika katika mashine hizi hazizunguki mfululizo kama mota ya feni. Huzunguka kwa hatua, kama mshale wa sekunde katika saa ya ukutani. Mota niliyonunua ina hatua 200 katika mzunguko mmoja, na kifaa kidogo kinachoipelekea umeme huigawa kila hatua mara 8, hivyo mzunguko mmoja ukawa na hatua ndogo 1,600. Mota imeunganishwa na parafujo ndefu ambayo kila izungukapo mara moja huisukuma meza ya mashine milimita 8. Mwanachuo na apige hesabu: 1,600 kugawanya kwa 8 ni 200. Maana yake ni kwamba mapigo 200 ya umeme huisogeza meza milimita moja, na kuisogeza sentimita 10 huhitaji mapigo 20,000. Kidhibiti mwendo ndicho kitoacho mapigo hayo, moja baada ya jingine, kwa wakati wake, huku kikiyahesabu.

Amri zenyewe huandikwa kwa herufi na tarakimu. Kwa mfano, G1 X70 Y30 F600 maana yake ni hii: nenda kwa mstari ulionyoka hadi mahali palipo milimita 70 katika mhimili wa X na milimita 30 katika mhimili wa Y, kwa mwendo wa milimita 600 kwa dakika. Kidhibiti huisoma amri hiyo na kuigeuza kuwa mapigo 14,000 ya mota ya kwanza na 6,000 ya mota ya pili. Hapo ndipo penye ugumu. Mota hizo mbili hazina budi kwenda pamoja, ili mstari unyooke. Na kwa kila hatua 7 za moja, nyingine yatakiwa kupiga 3. Je, hatua hizo 3 zipigwe lini?

Jawabu lilipatikana mwaka 1962, wakati Jack Bresenham, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM, alipobuni njia ya kuongoza mashine ya kuchorea kwa kujumlisha na kutoa tu, bila sehemu wala desimali. Njia hiyo, katika umbo lake rahisi, yafaa kabisa kwa darasa la msingi, na nawasihi mwijaribu. Chora miraba mikubwa katika uwanja wa shule. Mtoto mmoja asimame pembeni mwa miraba, na mwenzake ashike kopo na vizibo vya soda. Kila mtoto wa kwanza apigapo hatua moja kwenda mashariki, wa pili atie vizibo 3 katika kopo. Vizibo vikifika 7 au kuzidi, avitoe 7, na mwenzake apige hatua moja kwenda kaskazini. Hatua ya kwanza kopo lina 3. Ya pili lina 6. Ya tatu lina 9, anatoa 7, anabakiza 2, na mwenzake anakwenda kaskazini. Hatua ya nne lina 5. Ya tano lina 8, anatoa 7, anabakiza 1, na mwenzake anakwenda kaskazini tena. Hatua ya sita lina 4; ya saba lina 7, anazitoa zote, na mwenzake anakwenda kaskazini mara ya tatu. Kopo ni tupu, na mtoto amefika penyewe: 7 mashariki, 3 kaskazini. Kisha waambie warudie mchezo, lakini safari hii kila watoapo 7 walitupe na baki pia. Mtoto atafika kaskazini hatua 2 tu, na darasa zima litaona kwa macho yake kwamba baki si takataka.

Programu yangu ya kwanza ilifanya hivyo hasa, maelfu ya mara kwa sekunde. Niliipima kwa kalamu badala ya kikatio, nayo ikachora mistari na duara juu ya karatasi pasipo kasoro. Nilifurahi mno. Nilikiri moyoni kwamba kazi imekwisha.

Somo lililokatika

Katika majuma hayo hayo kilifika kipindi cha mazoezi ya kufundisha, nami nikapangiwa wanachuo wanane wa kuwakagua. Siku moja niliketi nyuma ya darasa la nne lenye watoto 84, nikiwa na fomu ya tathmini mkononi na saa juu ya dawati. Mwanachuo aliyekuwa akifundisha, binti mtulivu asiyependa maneno mengi, alikuwa na somo la kulinganisha sehemu. Andalio lake la somo lilikuwa safi: utangulizi dakika 5, maarifa mapya dakika 15, mazoezi dakika 15, hitimisho dakika 5. Alianza vizuri. Akakunja karatasi, akaonyesha theluthi, akaonyesha robo. Akauliza, "Mmeelewa?" Watoto wakajibu, "Ndiyo, mwalimu!" hata madirisha yakatetemeka.

Hapo angeweza kuendelea na mazoezi, na kwa kipimo cha fomu yangu angekuwa amefanya vyema. Lakini hakuendelea. Aliwaambia watoto wafumbe macho, kisha akawauliza ipi ni kubwa, theluthi au robo. Wanaodhani ni robo wanyooshe mikono. Ikanyooka mikono mingi kuliko nilivyotazamia, kwa sababu watoto walijua kwamba 4 ni kubwa kuliko 3, na hawakuona kwa nini mambo yabadilike ghafula. Aliitazama mikono ile kwa muda. Akaweka chaki chini, akaligawia darasa karatasi za madaftari ya zamani, akaanza upya: kunja mara tatu, kunja mara nne, kata, weka kipande juu ya kipande. Kengele ililia wakati watoto wakibishana juu ya vipande vyao. Mazoezi hayakufanyika. Hitimisho halikuwapo.

Niliandika katika fomu: "Hakumaliza somo. Matumizi ya muda ni dhaifu." Nikampa alama ya chini. Tulipokutana chini ya mwembe kuzungumzia somo, nilimkumbusha kwamba andalio ni ahadi, na mwalimu asiyetimiza ahadi hupoteza muhula. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kwa upole, "Mwalimu, ningeendelea na nani?"

Sikumjibu. Nilidhani ni ujeuri kidogo, nikafunga faili langu, nikaenda kumkagua mwingine.

Ubao ulioharibika

Mwisho wa juma nilirudi karakanani. Nilikuwa na ubao mmoja mzuri wa plaiwudi, niliounuua kwa fedha yangu, wa kutosha visahani ishirini na vinne. Nilitoa kalamu katika mashine, nikafunga mota ya kuzungusha kikatio, nikaanza kazi. Visahani vinne vya kwanza vilitoka vizuri. Mashine ilipokuwa ikihama haraka kutoka kisahani kimoja kwenda kingine ilitoa mlio mfupi, kama wa mlango usiotiwa mafuta. Niliusikia. Niliudharau, kwa sababu katika kioo cha kompyuta kila kitu kilikuwa sawa, na kazi ilikuwa ikiendelea. Nikaketi nikaandika ripoti za wanachuo wangu.

Saa moja baadaye kioo kilionyesha X 0.00, Y 0.00: kazi imekwisha, mashine imerudi mwanzo. Nilipoinua macho nikaona kwamba kikatio hakikuwa mwanzo. Kilisimama pembeni kwa karibu milimita 3. Visahani vya mwisho vilikuwa vimeharibika vyote. Theluthi moja nene, nyingine nyembamba. Robo zisizokutana katikati. Ubao mzima ulikuwa umekwenda bure.

Nilikagua hesabu usiku kucha. Sikupata kosa, kwa sababu kosa halikuwamo katika hesabu. Kidhibiti kilikuwa kimetoa kila pigo kilichopaswa kulitoa, na kikalihesabu. Lakini kutoa amri ni jambo moja, na amri kutimizwa ni jambo lingine. Kikatio na mota yake vilikuwa vizito kuliko kalamu. Wakati wa kuhama, programu yangu iliitaka mota, ikiwa imetulia kabisa, ianze mara moja kwenda milimita 50 kwa sekunde, yaani mapigo 10,000 kwa sekunde. Mota haikuweza. Mota ya aina hii ikizidiwa haipotezi hatua moja tu. Sumaku zake hushikana tena mahali panapofuata penye mpangilio ule ule, nayo huwa imepoteza hatua nne nzima, au mafungu ya nne. Kwa parafujo yangu hatua nne ni milimita 0.16. Upungufu mmoja kama huo hauonekani kwa jicho. Lakini haukurekebishwa, na uliofuata ukaongezwa juu yake, na mwingine juu ya huo. Ule mlio mfupi ndio uliokuwa sauti ya mota ikibaki nyuma. Kidhibiti hakikuwa na njia ya kujua. Mota za mashine ndogo kama hii hazina mdomo. Kila amri hujibiwa kwa ukimya, na kidhibiti huuhesabu ukimya huo kuwa ni "ndiyo".

Yafaa nieleze hapa kwamba mashine ya mwaka 1952 haikuwa na upungufu huo. Maabara iliyoitengeneza iliitwa Servomechanisms Laboratory, na kazi yake hasa ilikuwa kuunda mitambo ijirekebishayo: mtambo huambiwa uende mahali fulani, kifaa kingine hupima ulipofika kwa kweli, kisha tofauti ya hayo mawili hutumiwa kuusahihisha. Sisi tutengenezao mashine ndogo kwa kupenda tuliacha kifaa hicho cha kupimia ili kupunguza gharama. Mara nyingi mashine huenda vyema bila yake, na kwa ajili hiyo tunasahau kwamba tumekiacha.

Nilikuwa nimesimama mbele ya ubao ule, visahani vibovu vikiwa mikononi, nilipokumbuka swali nililoulizwa chini ya mwembe. Ningeendelea na nani? Kidhibiti changu kiliendelea. Kilimaliza andalio lake lote, kwa wakati, bila ya kupunguza hata amri moja. Kwa fomu yangu ya tathmini, kingepata alama zote.

Marekebisho

Nilifanya marekebisho matatu katika programu, na kila moja nalieleza kwa kuwa lina mwenzake darasani.

La kwanza ni mwanzo wa mwendo. Sasa mota huanza polepole, huongeza mwendo hatua kwa hatua hadi kufikia milimita 50 kwa sekunde, kisha hupunguza kabla ya kusimama. Nilipochagua mchapuko wa milimita 250 kwa sekunde kwa sekunde, hesabu ilionyesha kwamba mota hufikia mwendo wake wote kwa sehemu ya tano ya sekunde, ikiwa imesafiri milimita 5 tu. Nilisikitika nilipoliona jambo hilo. Haraka yangu yote ilikuwa ikiokoa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na kwa ajili ya huo nilipoteza ubao na saa nzima ya kazi. Mwalimu naye huingia darasani akiwa amekwisha kupata mwendo, kwani somo amelisoma jana usiku. Watoto wametoka uwanjani sasa hivi. Wao wametulia kabisa. Dakika chache za kuanza taratibu, kwa kile wanachokijua tayari, hazipotei.

La pili ni kutazama mbele. Programu ya kwanza ilisoma amri moja, ikaitimiza, ndipo ikasoma nyingine. Sasa huweka amri kadhaa katika foleni na kuzisoma mapema, ili ikiona kona kali inakuja ianze kupunguza mwendo kabla ya kuifikia. Hii ndiyo kazi ya kweli ya andalio la somo. Andalio halikuandikwa ili limalizwe kwa gharama yoyote. Mwalimu huliandika ili ajue mapema kona iko wapi. Mwanachuo anayefundisha kulinganisha theluthi na robo ajue kabla ya kuingia darasani kwamba watoto watadanganywa na 4 na 3, naye apunguze mwendo hapo.

La tatu ndilo kubwa. Sikuwa na fedha ya kununua vifaa vya kupimia kila mhimili. Lakini mashine ilikuwa na swichi ndogo mwanzoni mwa kila mhimili, ambazo awali nilizitumia mara moja tu, wakati wa kuanza kazi. Sasa, baada ya kila kisahani, mashine hurudi polepole hadi kugusa swichi hizo, kisha hulinganisha hesabu yake na mahali ilipogusa. Ikiwa tofauti imezidi kiasi nilichokiweka, husimama na kutoa sauti. Haiendelei. Kisahani kimoja kikiharibika, kimeharibika kimoja, si kumi. Pamoja na hayo niliweka kitufe chekundu ambacho hakipitii katika programu hata kidogo. Kikibonyezwa hukata umeme wa mota moja kwa moja, kwa sababu kitu kilichokosea hakifai kuombwa ruhusa ya kujisimamisha.

Najua mtaniambia kwamba darasa la watoto 84 si mashine, na kwamba hakuna mwalimu awezaye kumpima kila mtoto katika kila hatua. Ni kweli. Darasa kubwa ni kama mashine yangu: kipimo cha kila mhimili hatuna. Lakini swichi ndogo tunazo, na ni za bure. Watoto wafumbe macho na wanyooshe vidole kuonyesha jawabu, ili asiwepo wa kumtazama jirani. Waandike jawabu moja pembeni mwa daftari, nawe upite katikati ya safu usome madaftari matano, lakini yasiwe ya wale watano wa mbele waliokwisha kunyoosha mikono. Mtoto mmoja amweleze mwenzake kwa maneno yake, nawe usikilize tu. Swali la "Mmeelewa?" si mojawapo ya swichi hizo. Swali hilo ni sawa na kidhibiti kujiuliza chenyewe kama kimetoa amri. Tena usiudharau mlio mfupi: minong'ono ya nyuma, mtoto anayefuta na kuandika na kufuta, kimya cha yule aliyezoea kusema. Upungufu mdogo wa leo hauonekani kwa jicho, nao haujirekebishi. Mtoto asiyeelewa robo katika darasa la nne hupelekwa kwenye desimali, kisha kwenye asilimia, na kila mwalimu humwongezea milimita yake.

Mimi pia sina budi kujirekebisha. Siku hizi nikienda kukagua mwanachuo siketi tena nyuma na saa. Naketi kati ya watoto, na katika nusu ya kipindi nayatazama madaftari yao kabla ya kulitazama andalio. Mwalimu akikatiza andalio lake, namwuliza kwanza aliona nini. Wapo wanaokatiza kwa sababu hawakujiandaa, na hao hawakosi kujulikana; huwa hawana la kueleza. Wapo wanaokatiza kwa sababu wameona.

Kuhusu yule mwanachuo, nilimwita karakanani, nikamwonyesha ubao ulioharibika, nikamweleza yote niliyoyaeleza hapa. Nilimwambia kwamba siku ile alikuwa amefundisha, nami nilikuwa nimepima saa. Alicheka kidogo kwa haya, akaokota theluthi moja mbovu akaigeuzageuza, akaniomba aichukue akawaonyeshe watoto kitu ambacho si theluthi. Nilimpa zote. Kisha nilikwenda ofisini kuomba alama yake ibadilishwe, nikaambiwa kwamba matokeo yamekwisha kupelekwa na orodha imefungwa. Niliandika barua ya maelezo, ikawekwa katika faili. Amekwisha kumaliza masomo sasa, naye anafundisha.

Mashine inaendelea na kazi. Imekwisha kukata visahani vya kutosha shule ya mazoezi na ziada, na theluthi zake tatu zikiwekwa pamoja hufanya duara moja lisilo na pengo. Ile alama imebaki kama nilivyoiandika.